Jumapili ya Majirani wa Ulaya

Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana mwenye sauti nyembamba, na tangu sentensi ya kwanza nikajua kwamba utapungukiwa. Sisemi kwa kiburi. Nimeishi kwa sauti yangu zaidi ya nusu ya umri wangu, redioni na katika kumbi za harusi za mji huu, na nikimsikia mtu anasoma najua mapema kama amepewa cha kusoma au hakupewa. Huyu hakupewa. Alisoma kwamba Mama Aneth alizaliwa hukohuko juu ya Tengeru, kwamba aliimba kwaya ya akina mama mpaka magoti yalipomkatalia kusimama, kwamba ameacha watoto na wajukuu. Kisha akasema, "Marehemu pia aliwahi kuishi mjini kwa muda," akameza mate, akaendelea na ratiba ya mazishi. Kwa muda! Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, viatu vyangu juu ya majani makavu ya migomba waliyotandaza kuzuia matope, na mkono wangu ukawasha kwa hamu ya kumnyang'anya yule kijana kipaza sauti.

Aliyenituliza ni mzee mmoja aliyekuja kukaa kiti cha pembeni yangu, koti zito juu, shuka la bluu chini ya koti, fimbo katikati ya magoti. Akanisalimia bila kunitazama. "Takwenya." Nikaitika, "Iko," na kabla sijamaliza kuitika nikaijua sauti. Alikuwa Baba Naserian. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi kiasi kwamba nilishamhesabu miongoni mwa waliotangulia. Akaniinamia sikioni. "Wameruka miaka yetu ya Sokon One," akasema. Nikamjibu, "Wameruka, baba." Akafikiri kidogo. "Na mimi wameniruka." Tukacheka, msibani, mpaka mama mmoja wa mbele akageuka kututazama kwa jicho la kanisani. "Wewe ndiyo ungeongea," akaninong'oneza. Nikamwambia sijaombwa. "Basi andika," akasema. "Kuandika haiombwi." Ndiyo maana naandika.

Mwaka wa habari hii nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ya nyumbani kwetu nayaacha, yana mahali pake. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Sokon One, katika nyumba ya vyumba sita vilivyotazamana, vitatu huku na vitatu kule, katikati uwanja wa saruji iliyopasuka, mwisho wa uwanja bomba, nyuma ya bomba choo. Chumbani kwangu mlikuwa na kitanda, ndoo mbili, jiko la mkaa nililolitoa nje asubuhi na kulirudisha jioni, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani kwa karibu sana hata nilijua kila tofali lake. Dari haikuwepo. Kuta ziliishia pale mtu mrefu angefika akinyoosha mkono, na juu yake ni mbao na bati tu, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na vyumba sita vya kulala na chumba kimoja cha kusikia. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita alimwambia pole. Leo naishi Elerai katika nyumba yenye dari, madirisha ya vioo na ukimya wa kutosha, na nawaambia wazi kwamba masikio yangu hayajawahi kusoma shule nzuri kuliko ile ya bati.

Mama Aneth aliishi chumba kilichopakana na changu. Aliuza ndizi sokoni, alikuwa mnene wa kupendeza, na sauti yake ilianza kazi kabla yake. Hakuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliishi Moshi na wengi wetu hatukuwahi kumwona. Hakuchaguliwa na mtu pia. Kilichotokea ni kwamba wapita njia walikuwa wamezoea kuingia na kukitumia choo chetu kama cha stendi, siku moja Mama Aneth akanunua kufuli, akalifunga, na ufunguo akautundika kwenye msumari ndani ya mlango wake. Kuanzia hapo yeye ndiye serikali. Huwezi kwenda chooni bila kupita kwake, na huwezi kupita kwake bila kuulizwa zamu ya kuosha ni ya nani. Ungekuwa umebanwa namna gani, ungesimama pale mlangoni ukikunja miguu, useme "Shikamoo mama, naomba ufunguo," naye ajibu "Marahaba" kwa utulivu wa mtu anayepanga vitumbua, kisha aulize: "Jana nani aliosha? Maana mimi nilichokiona kule si kuosha, ni kulowesha."

Mkabala wake aliishi Baba Naserian, Mwarusha wa kutoka upande wa Kisongo, mlinzi wa ghala la mbao, ambaye mji ulikuwa umemchukua mwili tu. Mbuzi wake alikuja nao. Aliwafunga nyuma ya choo, watatu, na kila baada ya siku chache mmoja alikata kamba akatembelea uwanja. Ugomvi wao mimi niliujua kwa moyo, kila mtu na mstari wake.

"Baba Naserian! Mbuzi wako amekula kitenge changu!"

"Mbuzi yangu haijui kula nguo, mama."

"Haijui? Na hili pindo limetafunwa na nani, na mchungaji?"

"Labda iliona ni majani. Si kimechorwa majani?"

"Ungebaki kwenu na hao mbuzi!"

"Na wewe ungebaki kwenye migomba yako huko juu, na sisi tungepumua."

Wiki nzima wasingeongea. Kisha Jumapili, Mama Aneth akitoka ibadani, angepika loshoro, mahindi yaliyoiva mpaka yakalainika, akayaponda na kuyachanganya na maziwa mgando, na angepakua bakuli kwa kila mlango. La kwake Baba Naserian alinipa mimi. "Mpelekee yule mtu." Nilivuka uwanja, hatua chache tu, wote wawili wakiwa wamekaa milangoni wanaonana vizuri kabisa. Baba Naserian alionja, akatafuna kwa fikra, akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mwambie yule mtu ni nzuri. Chumvi tu." Nikageuka kumpelekea ujumbe, na yule mtu akasema, "Mwambie chumvi iko dukani." Watu wengine huenda mbali kusomea mazungumzo. Mimi niliyabeba kwenye bakuli.

Kitu kimoja kwa Mama Aneth sikukibeba popote, kwa sababu hakikuwa changu. Kila alfajiri, kabla hajaenda kupakia ndizi, alipiga magoti kando ya kitanda chake, na kwa sababu hakujua kunong'ona, maombi yake yalipanda juu ya ukuta yakashuka kwangu. Aliomba chumba kwa chumba. Aliomba kwa ajili ya fundi cherehani wa chumba cha kwanza na kifua chake, kwa ajili ya wadada wawili wa saluni waliopanga pamoja, kwa ajili yangu, na hata kwa ajili ya yule mtu na mifugo yake, ingawa hapo alimkumbusha Mungu kwamba mifugo yenyewe haina adabu. Ugomvi wa jana wote ulikuwa umegeuka orodha ya watu aliotaka walindwe. Na mwishoni sauti ilishuka, na maneno yalikuwa yaleyale kila siku: "Bwana, wapangaji wanakuja na kuondoka. Usiniache nibaki na uwanja mtupu. Nikiwa nawafokea, unajua ni kwa nini." Nilijifunika shuka kichwani nisisikie, nikasikia vilevile. Asubuhi aliponifokea kuhusu ndoo yangu iliyokaa bombani, nilishindwa kukasirika, na hiyo ilimkera zaidi.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa hao wa kuondoka. Mkataba wangu katika shamba la maua kule Usa River ulikuwa umeisha, na msimamizi alikuwa ametuma neno kwamba nikitaka nirudi, safari hii kwa kulala hukohuko kambini. Nililichukia shamba lile kwa sababu moja tu, nayo watu waliiona ya ajabu: mle ndani ya grinihausi hakukuruhusiwa kuongea kazini. Ukate shina, upange, ukate, upange, na nailoni juu yako inakupikia ukimya siku nzima. Kwa mtu mwingine ni kazi. Kwangu mimi ilikuwa kuzikwa nikiwa nimesimama. Lakini Sokon One nilikuwa nafua nguo za watu, na haikutosha kuishi. Nikamjibu msimamizi kwamba Jumatatu ya wiki inayofuata nitakuwepo getini.

Alhamisi ya wiki hiyo nilikuwa bombani nawachekesha wale wadada wa saluni kwa kuigiza ugomvi wa kitenge. Nilifanya sauti zote, ya Mama Aneth, ya Baba Naserian, na ya mbuzi. Ukuta wa nyuma wa uwanja wetu ulikuwa pia ukuta wa banda la video la Shabani, na Shabani alipanda juu ya ndoo akachungulia upande wetu, akitaka kuwaambia wagombanao wapunguze kelele, wateja wake hawasikii filamu. Akanikuta peke yangu na mdomo wangu. "Wale wengine wako wapi?" akauliza. Wadada wakaninyooshea kidole huku wameshika mbavu. Shabani alikaa pale juu ya ukuta muda mrefu, kidevu kimeegemea tofali, akaniambia nirudie.

Kwa wasioyajua mambo yale: bandani kwa Shabani filamu ilitafsiriwa papo hapo. Mtu mmoja alikaa na kipaza sauti pembeni ya televisheni, sauti ya filamu ikapunguzwa, naye akawa steringi, adui, mama wa steringi na polisi wote kwa pamoja. Hakuna aliyetarajia ajue lugha ya filamu. Alitarajiwa ajue watu. Mtafsiri wa Shabani, mwanaume mwenye sauti nzito aliyependwa mtaa mzima, alikuwa ameitwa Dar es Salaam akaondoka bila kuaga, na tangu hapo viti vilikuwa vinabaki vitupu. Wanaume waliokuja kujaribu, wote walijua kupiga ngumi kwa mdomo tu. Shabani akanitolea diski moja isiyo na jalada, iliyosahauliwa chumbani na wageni wa loji, akaletewa na mhudumu. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya kichekesho cha Wahispania, majirani wa ghorofa moja wanaogombana tangu mwanzo hadi mwisho. "Hii haina ngumi hata moja," akasema. "Jumapili saa tisa alasiri. Ukiwashika watu mpaka mwisho, kazi ni yako, kila siku. Wakitoka, basi tumeagana, dada Nembris, usinilaumu." Nikamwambia hawatatoka. Leo nikikumbuka jinsi nilivyosema, nampenda sana yule binti. Hakuwa na akiba, hakuwa na mpango mwingine, na hakusita.

Diski ile niliiangalia mara moja tu kabla ya Jumapili, kwa deki ya Shabani, bila sauti. Mara moja ilitosha. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo mwenye gauni la kijani la nyumbani, amesimama kwenye ngazi za jengo, mkononi ana kishada cha funguo. Kulikuwa na bwana mmoja wa suti mwenye kijibwa cheupe kilichokojoa popote. Walikutana chini ya ngazi, wakafokeana, wakanyoosheana vidole, wakapandishiana mabega, na mimi nikawa nacheka peke yangu gizani kwa sababu nilikuwa nawajua wote. Mwaka juzi binti wa mpwa wangu aliipata sehemu ileile kwenye simu yake, na maandishi ya Kiingereza chini, akanisomea wanachosema. Kumbe waligombea lifti! Lifti ilikuwa imekwama na kila mtu anamsingizia mwenzake. Nilimwambia yule mtoto kwamba ya kwetu ilikuwa bora, na sikuwa natania. Tulipofika ile sehemu ya mama ameketi ngazini peke yake, nikamwomba azime simu. Ya hapo sikuhitaji kusomewa.

Jumapili Shabani alipita mtaani na spika ya kuazima akitangaza kwamba majirani wa Ulaya watagombana bandani kwake, na kwamba majirani zake wa ukutani wataingia bure kwa sababu ya kelele anazowapigia mwaka mzima. Baba Naserian alisikia neno bure akaja na fimbo yake. Mama Aneth, ambaye siku zote aliliita banda lile mlango wa jehanamu, alikuja na kitenge chake cha ibada, amekishika kitabu cha nyimbo, akakaa benchi la mbele kabisa, alipokuwa Baba Naserian. "Nimekuja kuona wanawafundisha nini watoto wa watu," akamwambia Shabani mlangoni. Hakujua mtafsiri ni nani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kistuli nyuma ya televisheni, pazia la kanga mbele yangu, na kitundu cha kuangalizia kwenye kioo alichonitegea Shabani ukuta wa pembeni, kinionyeshe picha na watu kwa pamoja. Niliwaona watu wote. Wao walinisikia tu.

Dakika za mwanzo zilikuwa mbaya. Vijana wa nyuma walisikia sauti ya mwanamke wakaanza kupiga miluzi. "Ngumi ziko wapi?" mmoja akapaza sauti, na watatu wakasimama wakaelekea mlangoni. Shabani alinitazama kupitia kioo, na uso wake ulikuwa umeshaniaga. Wakati huo huo yule bwana wa suti akatokea kwenye picha na kijibwa chake. Nikavuta pumzi nikampa sauti ya Baba Naserian.

"Mbuzi yangu haijui kula nguo, mama!"

Banda likalipuka. Wale watatu wakarudi wakakaa chini, hata viti hawakutafuta. Baba Naserian akasimama wima katikati ya watu, fimbo imeelekezwa kwenye kioo cha televisheni. "Hiyo si mbuzi!" akasema kwa hasira ya kweli. "Hiyo ni mbwa! Huyu mtafsiri haijui mifugo!" Mtu akamjibu kutoka nyuma, "Mzee, ni mbuzi wa Ulaya, wako hivyo!" Akafikiri, akakaa, akamuuliza jirani yake kama wanatoa maziwa. Nami nikaendelea, mzungu wa suti akilalamikia chumvi, msichana mmoja mwenye sanduku akiomba ufunguo huku amekunja miguu, na watu wakalia kwa kucheka. Mama Aneth alicheka kuliko wote. Kila yule bwana alipofungua mdomo, alimpiga Baba Naserian begani kwa kitabu cha nyimbo. "Wewe huyo! Wewe huyo kabisa!"

Kisha mama wa gauni la kijani akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mama Aneth. "Jana nani aliosha? Maana mimi nilichokiona kule si kuosha, ni kulowesha!" Banda lilicheka mpaka bati likatikisika, nami kupitia kioo nikaona uso mmoja usiocheka. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimetulia mapajani. Alikuwa anaitazama televisheni kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni na hamwoni aliyemwita. Halafu akaliangalia pazia langu. Nikajua amejua. Baba Naserian naye akajua, akafungua mdomo kumrudishia lile "Wewe huyo!", akamwona alivyo, akaufunga.

Hapo ndipo ilipokuja ile sehemu ya ngazi. Ugomvi umeisha, kila mtu ameingia kwake na kubamiza mlango, na mama wa gauni la kijani amebaki peke yake. Anakaa kwenye ngazi. Anaangalia milango iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine, halafu anainua uso juu na kuanza kuongea, polepole, midomo inamtetemeka. Nilipoiona mara ya kwanza kwa deki nilikuwa nimeshajua aseme nini. Maneno yalikuwa tayari, niliyasikia kila alfajiri juu ya ukuta, na nilijua kwamba nikiyatia katika midomo ile, banda zima lililokuwa linacheka litanyamaza, na Shabani ataniita kesho na keshokutwa na maisha yangu yote. Nikasogeza kipaza sauti. Kwenye kioo nikamwona Mama Aneth ameketi pale mbele, kitenge cha ibada, mikono imefumbatwa, ananisubiri. Sikuweza. Ugomvi wa uwanjani ulikuwa wetu sote, ningeuchukua tena hata sasa bila kuomba radhi. Ya alfajiri hayakuwa yangu. Nikaweka kipaza sauti chini, na yule mama wa Kihispania akaendelea kutikisa midomo bila neno.

Miluzi ikarudi. "Tafsiri!" wakaanza. "Dada, tafsiri! Umelala?" Wale vijana watatu wakasimama tena. Shabani akaja mpaka kwenye pazia, akanong'ona, "Sema chochote, nakuomba, wanatoka," nami nikatikisa kichwa, machozi yamenijaa, nikiliona geti la Usa River wazi kabisa mbele yangu. Nilisikia benchi la mbele linalia. Mama Aneth alikuwa amesimama.

"Kaeni chini," akasema, na kwa sauti ile watu walikaa. "Mnataka kujua anasema nini? Mimi nitawaambia. Anaomba."

Akakitazama kioo cha televisheni, akaifuata midomo ya yule mama bila haraka. "Anasema: Bwana, hawa wote waliobamiza milango, ni wangu. Yule fundi mwenye kifua, mponye. Wale wasichana wanaochelewa kurudi, wafikishe. Yule mtu na mbuzi wake..." Hapo akasita, na watu wakacheka kidogo, kwa aibu. "Yule mtu mlinde huko kazini kwake, maana usiku ni mrefu na hana mwenzake. Na huyu binti wa chumba cha pembeni, Bwana, anayeongea mchana kutwa mpaka kichwa kinaniuma, usimrudishe kwenye yale maua. Kule hawaruhusiwi kuongea. Atakufa." Akapumua. "Anasema, nikiwa nawafokea, unajua ni kwa nini. Siku wakiondoka wote, nitamfokea nani?"

Hakuna aliyepiga mluzi. Yule mama wa Kihispania alijipangusa macho kwa mkono wa gauni, akasimama, na Mama Aneth akasema, "Amina." Na lile banda la vijana wa Sokon One, Waislamu na Wakristo na wasio na mpango wowote, likaitika "Amina" kwa pamoja. Baba Naserian aliitika wa mwisho, peke yake, kwa sauti nene. Kisha akasogea kwenye benchi, akampisha Mama Aneth, akapakung'uta mahali pake kwa mkono kabla hajakaa.

Nilichukua kipaza sauti nikaendelea. Sikumbuki nilisema nini katika dakika zilizobaki, nakumbuka tu kwamba walicheka kila mahali nilipotaka wacheke, na kwamba hakuna aliyetoka mpaka televisheni ikawa nyeusi. Watu walipokuwa wanapiga makofi, Shabani hakuja kwangu. Alimwendea Mama Aneth, ameshika kofia mkononi, akamwambia sehemu ya pili anaweza kuipata, na kwamba akikubali, wawe wawili, yeye na huyu dada, mtaa mzima utahamia hapa. Mama Aneth alifunga kitenge chake vizuri. Akatembea mpaka kwenye pazia, akalifungua, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile, mimi na machozi yangu na kamasi. Nilisubiri kufokewa. Nilistahili, au sikustahili, sijui hadi leo, lakini ningekubali.

"Mimi nina ndizi zangu za kuuza," akamwambia Shabani bila kuniondolea macho. "Huyu anatosha."